Kuchagua Kitabu cha Tafakari ya Kila Siku

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Runzewe)



Kamati iliponiandikia kunitaka niseme machache juu ya maisha ya kiroho ya kijana anayemaliza shule, niliwajibu kwamba mimi si padre wala mchungaji. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni majalada. Kamati haikuupokea udhuru huo. Basi nimejichagulia jambo dogo ambalo hata mtu wa majalada anaweza kulisemea, nalo ni namna ya kuchagua kitabu cha tafakari ya kila siku, yaani kile kijitabu au kalenda inayompa Mkristo andiko la siku, maelezo mafupi, na sala. Wenzetu Waislamu mtanivumilia. Ninyi mnayo Kurani iliyokwisha kugawanywa juzuu thelathini, hata msomaji huweza kuimaliza kwa mwezi, na sehemu ya haya nitakayosema mnaijua kutuzidi.

Kwa nini nilete jambo hili hapa Runzewe? Tulipokuwa wanafunzi, hapa palikuwa Wilaya ya Bukombe katika Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 tumekuwa watu wa Mkoa wa Geita, na neno Geita likitajwa popote nchini, msikilizaji hufikiri dhahabu. Hatuwezi kumlaumu. Dhahabu imesomesha watoto, imejenga nyumba za bati na makanisa pia. Lakini mahali penye dhahabu neno bahati huwa na nguvu kuliko mahali pengine. Mkulima wa pamba hutazama mvua, hutazama jembe lake. Mchimbaji mdogo aliyekaa miezi minne kwenye duara bila kuona kitu huanza kutafuta ishara. Wako wanaozitafuta kwa mganga. Wako pia, na hawa ndio ninaotaka kuwasema, wanaozitafuta ndani ya Biblia.

Namfahamu mtu mmoja wa rika letu. Simtaji, wala hayupo hapa leo. Alikuwa na kijitabu cha tafakari alichopewa na rafiki, cha aina ile ambayo kila ukurasa ni ahadi. Asubuhi moja andiko lilikuwa Isaya 45:3, ambapo Mungu anaahidi kumpa mtu hazina zilizo gizani, mali iliyofichwa mahali pa siri. Maelezo chini yake yalimwambia msomaji kwamba mtu huyo ni yeye, na siku hiyo ndiyo siku yake. Kwa mtu wa Arusha mjini pengine maneno hayo yangepita tu kama faraja. Kwa mtu mwenye hisa katika duara yalikuwa kama ramani. Aliuza ng'ombe watano wa baba yake, akaongeza hisa. Ng'ombe hawakurudi.

Sasa ifungueni sura yenyewe. Mstari wa kwanza tu unasema maneno yanaelekezwa kwa nani: ni kwa Koreshi, mfalme wa Uajemi. Mstari wa nne unatoa sababu ya kuitwa kwake, kuwa ni kwa ajili ya Yakobo, taifa lililokuwa utumwani. Na mstari wa 13 unasema mfalme huyo atawaachilia mateka bila kutaka bei wala zawadi. Sura nzima, basi, inahusu watu kurudishwa makwao. Angesoma dakika tatu zaidi, ng'ombe wale wangekuwa zizini. Simlaumu yeye sana. Namlaumu zaidi aliyechapa mstari mmoja akaukata na mwili wake.

Ofisini kwetu kuna kitu kiitwacho dokezo. Karani au ofisa wa chini huandika muhtasari wa shauri, akauweka juu ya jalada, ili mkubwa asihangaike na kurasa mia mbili. Ni kitu chema, na bila dokezo kazi zingelala. Lakini mkubwa anayesoma dokezo tu bila kufungua jalada ipo siku atatia sahihi jambo asilolijua. Kitabu cha tafakari ni dokezo. Mwandishi wake ni karani mwenzetu, huenda mwenye hekima na sala nyingi, lakini ni karani. Dokezo zuri hutaja folio. Husema nenda ukurasa fulani ukaone mwenyewe. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Kitabu kikikupa sura ya kusoma kabla ya maelezo, kichukue. Kikikuchapia mstari mmoja, kisha hadithi ndefu ya mwandishi na mbwa wake, kiweke chini. Jipimeni hivi: Jumamosi jioni, jiulize unakumbuka nini katika yale uliyosoma tangu Jumatatu. Ukikumbuka mbwa na usikumbuke andiko, badilisha kitabu.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi, na mtu asipende kukiruka: andiko la siku limechaguliwa na nani? Mkiachiwa ninyi wenyewe, mtasoma yale mnayoyapenda. Mimi pia. Ndiyo maana makanisa ya zamani yaliweka utaratibu usiomwuliza msomaji hali yake. Wakatoliki wana masomo ya Misa ambayo Dominika yanazunguka kwa miaka mitatu, Mwaka A, B na C, na siku za juma somo la kwanza, kwa sehemu kubwa ya mwaka, huzunguka kwa miaka miwili. Ukienda Ushirombo, misheni iliyofunguliwa mwaka 1891, utasikia somo lile lile linalosomwa Roma siku hiyo. Waanglikana katika kitabu chao cha sala cha mwaka 1549 waligawa Zaburi 150 kwa siku thelathini, asubuhi na jioni. Za furaha na za kilio, zote zinapita mdomoni mwako, utake usitake. Waadventista wana Kesha la Asubuhi, ambalo hata majirani zao wasio Waadventista hulijua kwa jina, na mara nyingi maelezo yake hutolewa katika maandishi ya Ellen White.

Lakini mfano unaonivutia kuliko yote ni wa Wamoravian, ambao wenzetu wa upande wa Tabora na Urambo wanawafahamu vema. Mwaka 1728, huko Herrnhut, Ujerumani, kiongozi wao Zinzendorf aliwapa waumini neno moja la kwenda nalo siku ya kesho yake. Baadaye ndugu wakawa wanalipeleka neno la siku nyumba kwa nyumba. Kitabu cha mwaka mzima kilichapwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya mwaka 1731, na hakijakoma hadi leo. Sasa hutolewa kwa lugha zaidi ya hamsini. Na andiko la Agano la Kale la kila siku hupatikana kwa kura! Hutolewa katika chombo chenye mistari kiasi cha 1,800. Kisha mtu huketi akatafuta andiko la Agano Jipya linalofanana nalo.

Nasikia mnanong'ona huko nyuma: kura, je, si ramli hiyo? La. Kura hupigwa miaka kama mitatu kabla, na andiko ni moja kwa watu wote duniani, mgonjwa na mzima, tajiri na mdaiwa. Anayepiga ramli huuliza swali lake, akataka jibu lake yeye. Huyu hakuuliza chochote. Hapo ndipo palipo tofauti, na naomba mwitazame vizuri, kwa kuwa wengi wetu tumewahi kuona mtu akifumba macho, akafungua Biblia popote, akaweka kidole.

Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyempinga Hitler, alikwenda New York mwezi Juni 1939, ambako rafiki zake walikuwa wamemtayarishia kazi ya kumweka salama. Tarehe 26 Juni alisoma neno la Paulo akimhimiza Timotheo afanye bidii kufika kabla ya majira ya baridi. Likamshika. Mwezi uliofuata alipanda meli kurudi kwao, na tarehe 9 Aprili 1945 alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg. Hadithi hii hupenda kusimuliwa kama kwamba andiko ndilo lililomwamulia. Sivyo. Alikuwa amekwisha kuikataa ile kazi siku sita kabla, tarehe 20. Andiko lilimkuta mtu aliyekwisha kuamua kwa akili na dhamiri yake, likatembea naye. Wala halikumwahidi hazina.

Juu ya lugha nitasema machache. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita hupenda vitabu vya Kiingereza, na viko vizuri. Kile maarufu cha Oswald Chambers, kwa mfano, hakuketi kukiandika. Alifariki Cairo mwaka 1917 akiwahudumia askari, na mkewe Gertrude, aliyekuwa akinukuu mafundisho yake kwa hatimkato, ndiye aliyekipanga na kukitoa mwaka 1927. Ni kitabu kizito na Kiingereza chake ni cha zamani. Ukiwa unakisoma na kamusi mkononi, hiyo ni kazi njema, lakini ni somo la Kiingereza. Lugha ya tafakari ni ile unayoitumia ukiumwa usiku. Kwa wengine hapa ni Kiswahili, kwa wengine Kisumbwa au Kisukuma.

Simu nayo? Sina ugomvi nayo. Humo mna Biblia nzima na mipango ya kusoma, tena bure. Ugomvi wangu ni kwamba humo humo mna kila kitu kingine, na salio la mkopo hufika kabla ya Zaburi kwisha. Anayeweza kuisoma na kuifunga, aisome.

Sasa wale msio na fedha ya kitabu, ambao ndio wengi, na tulikuwa hivyo hivyo. Agano Jipya lina sura 260. Soma sura moja Jumatatu hadi Ijumaa. Majuma 52 mara tano ni 260, na mwaka umekwisha nalo limekwisha. Mithali ina sura 31, moja kwa kila tarehe ya mwezi mrefu. Tafuta daftari la kurasa arobaini, andika kila siku mistari miwili: nimesoma nini, nami naomba nini. Nyumbani kwangu yapo madaftari kama hayo kadhaa, na naona yamenifaa kuliko vitabu vya kununuliwa, ingawa mwandiko wangu mke wangu huufananisha na wa daktari.

Na kwa vile mko Runzewe, anzeni wiki hii na Ayubu 28, ambayo sijapata kuikuta katika kijitabu chochote cha ahadi. Inawahusu wachimbaji: watu waliochimba shimo mbali na makao ya wanadamu, wakining'inia na kuyumba humo, wakipasua mwamba gizani kutafuta fedha na dhahabu. Aliyeiandika alikuwa ameyaona machimbo, au ameongea sana na waliotoka humo. Halafu anauliza swali moja ambalo sitawaambia. Sura ina mistari 28 tu.

Nimemwachia mkutubi nakala kumi za Agano Jipya na bunda la madaftari. Vijana wa UKWATA na wa TYCS mgawane bila kugombana, na wa madhehebu mengine wasisahauliwe. Maswali nitayapokea baada ya chakula, isipokuwa yale ya uhamisho na kupandishwa vyeo.