Jedwali la Wageni: Kusoma Upya Udahili wa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki



Ofisi za udahili huandaa majedwali mawili: la wanafunzi wa ndani na la wanafunzi wa nje. La kwanza hugombewa bungeni. La pili hupambwa kwenye vipeperushi, kando ya picha ya vijana wanaocheka. Mimi nitayasoma kwa pamoja. Idadi ya wageni katika chuo chetu hueleza yanayotendeka makwao kuliko inavyoeleza ubora wetu.

Ulikuwapo wakati ambapo kuvuka mpaka kwenda kusoma halikuwa jambo la ajabu. Kati ya 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwanzoni utabibu ulisomwa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria hapa Dar es Salaam. Ndiyo maana Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, ni zao la kitivo cha sheria cha hapa. Yoweri Museveni, Rais wa Uganda, naye alisoma hapa. Vijana wa kizazi kile hawakuhitaji vipeperushi, kwa kuwa ramani ya kozi ndiyo iliyowapeleka. Mwaka 1970 chuo kile kiligawanywa, kila taifa likachukua chake.

Tazameni Kenya ilivyokuwa baadaye. Katika miaka ya 1990, waliopata C+ na kuendelea katika mtihani wa kidato cha nne walizidi kwa mbali nafasi zilizolipiwa na serikali. Wakati huohuo Makerere ilikuwa imeanza kupokea wanafunzi wanaojilipia, na vyuo binafsi vya Uganda vikachipuka. Wakenya wenye uwezo wakavuka mpaka wa Uganda kupitia Busia na Malaba. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo sambamba ya kujilipia, vingine vikafuata, na fedha zikamiminika. Matawi yakafunguliwa hadi juu ya maduka mijini.

Kisha udhibiti wa mitihani ukakazwa. Waliopata C+ na kuendelea walikuwa 169,492 mwaka 2015. Mwaka uliofuata walikuwa 88,929, na mwaka 2017 wakawa 70,073. Serikali sasa iliweza kumpangia nafasi kila aliyefaulu, hata katika vyuo binafsi. Mteja wa kujilipia akatoweka, madeni yakabaki. Hakuna mhadhiri aliyekuwa amefundisha vibaya zaidi kuliko jana! Na Mkenya aliyepewa nafasi nyumbani kwa ruzuku, ana sababu gani ya kupanda basi la Kampala?

Kwetu Tanzania kinachoamua ni mkopo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004, na mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa. Mwombaji wa leo huuliza kwanza kozi ipi ina mkopo, halafu ndipo huuliza inafundisha nini. Simlaumu. Bila bumu, yaani fedha za mkopo huo, wengi waliomo ukumbini humu wasingekuwapo. Mgeni hana bodi hiyo.

Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Tamko ni zuri, ila dirishani karani huuliza cheti. Mkenya wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 husoma sekondari miaka minne na shahada kwa kawaida minne. Mtanzania na Mganda husoma sekondari miaka sita, na shahada nyingi ni miaka mitatu. Tofauti hiyo imezua mvutano wa muda mrefu nchini Uganda kuhusu thamani ya cheti cha Kenya, na kuna waliotiliwa shaka shahada zao baada ya kuhitimu.

Sasa 8-4-4 inaondoka. Kundi la kwanza la mtaala mpya wa Kenya linatarajiwa vyuoni mwaka 2029, likiwa limesoma sekondari miaka sita kama letu. Tanzania nayo inabadilisha mfumo wake kufuatana na sera mpya ya elimu. Tume ya Vyuo Vikuu na wenzake wa Nairobi na Kampala wakae mezani mapema, wakubaliane ulinganifu wa vyeti na ada ya Mwanajumuiya, kabla vijana hao hawajafika dirishani.