Kamera ya 8K kwenye Joto la Mombasa
Mpiga video wa harusi wa Mji wa Kale akitaka kamera mpya isiyo na kioo ndani, wenzake humuuliza kwanza: ina 8K? Swali zuri, ila si la kwanza. Canon EOS R5 ilipotoka 2020 kwa dola 3,899, bila lenzi, kampuni yenyewe ilitaja kikomo cha dakika 20 hivi za 8K kabla haijapata moto, tena kwenye nyuzijoto 23. Mombasa, Januari, adhuhuri, nyuzi 23 utazipata wapi?

Fremu ya 8K ina pikseli mara nne ya 4K. Kadi ya GB 128 hujaa kwa dakika kama sita za video ghafi; bibi harusi hajashuka hata garini.

Sony ZV-E10 ya 2021 ilianzia takriban dola 700 na hurekodi 4K, ingawa haina kituliza mtikisiko cha kihisio. Chenji inayobaki hununua maikrofoni, betri za akiba na lenzi pana, maana vichochoro vya Ndia Kuu, hapo Mji wa Kale, havina nafasi ya kurudi nyuma. Isitoshe, jamaa wengi wataitazama harusi hiyo kwa WhatsApp, ambayo huibana video.