Mtoto Anayetungoja: Tafakari ya Majilio juu ya Kuasili Watoto

Mada kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na Kamati za Haki na Amani, Bariadi





Tunajua kwamba tumewaondoa shambani katika siku ambazo kila saa ina thamani. Majilio katika nchi yetu ya Simiyu hayaji pamoja na theluji, kama yanavyochorwa kwenye kadi za Krismasi. Yanakuja na mvua za kwanza, ng'ombe wakiwa wamefungwa nira, na mbegu za pamba zikiwa tayari kutiwa ardhini. Kwa hiyo hatuna haja ya kufundishwa na mgeni maana ya kungoja. Mkulima wa pamba anangoja kila mwaka, lakini hangoji amekaa. Anang'oa masalia ya mwaka jana, anatengeneza plau, analima huku akitazama mawingu. Mtume Yakobo naye, katika sura ya 5 ya barua yake, anapotaka kuwafundisha Wakristo uvumilivu, anawaonyesha mkulima anayengojea mvua.

Leo tunataka kuzungumza juu ya kungoja kwa namna nyingine, yaani kungoja kwa mtoto asiye na wazazi, anayetaka kujua yeye ni wa nani. Na tunalo jambo moja la kusema. Katika Majilio tumezoea kujiona kuwa sisi ndio tunaongoja. Lakini yuko mtoto ambaye kwake sisi ndio tunaongojwa, na tumechelewa.

1. Tuone hali ilivyo

Yatupasa kuanza kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa katika mji mmoja ambamo baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla yake. Waliachwa watoto wanne. Siku ya kuondoa matanga, wazee wa ukoo walikaa pamoja nasi kugawa mali. Hesabu ya ng'ombe ilituchukua kutwa nzima. Kila ng'ombe alitajwa kwa rangi yake, na kwa mahari ya nani aliingia katika zizi lile. Hesabu ya watoto ilifanywa jioni, watu wakiwa wamechoka, nayo haikuchukua hata muda wa kuchemsha uji. Huyu aende kwa shangazi, huyu kwa mjomba, huyu kwa bibi yake. Mtoto wa tatu, mvulana wa miaka minane hivi, hakupata mtu. Ndipo jamaa wa mbali, wa kata nyingine, akakubali kukaa naye kwa muda. Sisi wenyewe tulimwinamia mtoto yule tukamwambia, "Nenda, tutakufuata baada ya mavuno."

Hatukumfuata. Pamba ilichumwa, ikauzwa, tukalima tena. Mwaka wa tatu katekista wa kule alituletea habari, nasi tukaenda. Tulimkuta malishoni. Hakuwa na njaa, wala hakuwa na alama za fimbo, na wenyeji wake hawakuwa watu wabaya. Lakini watoto wa nyumba ile walikuwa wanarudi kutoka shule wamevaa sare, naye hakuwa amekanyaga darasani tangu tulipoagana. Alitusalimu kwa adabu, akasimama kimya, kisha akauliza, "Mlisema baada ya mavuno. Ni mavuno ya mwaka gani?"

Hatukuwa na jibu. Tuliporudi nyumbani tukafungua daftari la siku ile ya matanga. Ng'ombe wote tulikuwa tumewaandika mmoja mmoja. Watoto tulikuwa tumewaandika kwa idadi tu: wanne.

Ndugu wapendwa, hatusemi haya ili kuwadharau wazee wetu. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini mwetu, mkoani Kagera mwaka 1983, nyumba za Kanda ya Ziwa zimepokea mayatima wengi pasipo kungoja msaada wa mtu. Mabibi wamelea wajukuu kwa jembe la mkono. Huo ni utakatifu ambao haukuandikwa popote. Hata hivyo, haki inatudai tuseme pia yale tunayoyajua na kuyanyamazia.

Kwanza, yako majumba ambamo mtoto anapokelewa kwa ajili ya mikono yake. Mvulana anakuwa mchunga ng'ombe, msichana anakuwa yaya, nao hulipwa chakula. Pili, wako wanaompokea mtoto kwa ajili ya mali aliyoachiwa, na mali ikiisha, upendo nao unaisha. Tatu, wako watoto ambao hakuna anayewataka kabisa. Tukumbuke watoto wenye ualbino. Mauaji ya ndugu zetu hao yalipozidi katika Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2007 na 2008, wengi wa watoto hao walipelekwa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, mkoa ambao sisi tulikuwa sehemu yake mpaka Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Walipelekwa ili wawe salama. Lakini kwa baadhi yao likizo zilikuja na kupita, na hakuna jamaa aliyefika kuwatazama. Mtoto anaweza kulindwa asiuawe, na bado akawa hana mtu.

2. Tuipime hali hii kwa Neno la Mungu

Katika Dominika ya nne ya Majilio, Mwaka A, Kanisa linatusomea Injili ya Mathayo 1:18-24. Tumezoea kuitazama kama habari ya Maria. Safari hii tumtazame Yosefu. Yeye alikuwa mtu mwenye haki, na haki yake ya kwanza ilimwambia aondoke kimya kimya. Malaika akamfundisha haki iliyo kubwa zaidi: ampokee mama, na mtoto ampe jina. Kwa Wayahudi, kumpa mtoto jina kulikuwa ni kumkiri mbele ya watu kuwa ni wako. Yesu anaitwa Mwana wa Daudi kwa sababu Yosefu, mzao wa Daudi, alikubali kuwa baba yake. Yaani Mwokozi wetu aliingia katika ukoo wake wa kibinadamu kwa mlango wa mlezi.

Baba Mtakatifu Fransisko alitukumbusha jambo hilo katika barua yake Patris Corde, alipotangaza Mwaka wa Mtakatifu Yosefu, tangu tarehe 8 Desemba 2020 hadi 8 Desemba 2021. Alifundisha kwamba kuzaa peke yake hakumfanyi mtu kuwa baba, bali kuubeba mzigo wa maisha ya mwingine. Wazee wetu nao walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Tena Maandiko yamejaa watoto waliolelewa na wasiowazaa. Musa alitolewa mtoni na binti Farao, naye ndiye aliyekuja kuwakomboa watu wake. Esta alikuwa yatima, akalelewa na Mordekai, ndugu yake, naye aliliokoa taifa lake. Tuwakumbuke tunaposikia mtu akisema kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka.

Lakini Mtume Paulo anakwenda mbali kuliko hapo. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 8, anasema kwamba sisi sote, Wayahudi kwa mataifa, ni watoto tuliofanywa wana. Warumi walilielewa vizuri neno hilo, maana kwa sheria yao mtoto wa kupangwa alirithi kama mzaliwa. Kaisari Augusto mwenyewe, aliyekuwa akitawala Yesu alipozaliwa, alikuwa amefanywa mwana na Yulio Kaisari. Basi hakuna hata mmoja wetu aliyeingia nyumbani mwa Mungu kwa haki ya damu yake. Sote tumepokewa. Anayemdharau mtoto wa kulelewa anaudharau ubatizo wake mwenyewe.

Yafaa tuangalie jambo moja zaidi katika sura ile. Katika aya ya 15 Paulo anasema tumekwisha kupokea roho ya wana, kiasi cha kumwita Mungu Baba. Kisha, katika aya ya 23, anasema kwamba tungali tunaugua tukingojea kufanywa wana. Je, anajipinga? Hata kidogo. Tumwangalie yule mchungaji mdogo.

Baada ya swali lake, mume na mke wa jumuiya yetu, waliokaa katika ndoa miaka mingi bila kupata mtoto, walijitokeza. Haikuwa rahisi. Wazee wa upande wa mume waliuliza ng'ombe wa ukoo watarithiwa na damu ya nani. Mke, ambaye kwa miaka mingi alivumilia kuitwa mgumba, aliwajibu kwamba hakutafuta dawa ya aibu yake, bali alitaka mtoto yule awe na kwao. Walikwenda kwa afisa ustawi wa jamii. Nyumba yao ikatazamwa, wakaulizwa maswali mengi, na mtoto naye akaulizwa. Leo anaishi kwao kwa malezi ya kambo, anasoma, na siku za sikukuu anapelekwa kuwaona ndugu zake watatu. Shauri la kumwasili halijamalizika. Lakini yeye tayari anamwita mama yule "mayu", kama mtoto yeyote wa Kisukuma amwitavyo mama yake. Nyumbani amekwisha kuwa mwana. Katika karatasi bado anangoja. Hivyo ndivyo tulivyo mbele ya Mungu, na hayo ndiyo Majilio.

3. Sheria ya nchi inasemaje

Wengi wetu tunaogopa mahakama, tunasema upendo watosha. Upendo hautoshi siku mlezi anapofariki na ndugu wakafika kumtoa mtoto nyumbani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na mwaka 2009 Bunge lilitunga Sheria ya Mtoto, Na. 21. Tuyajue machache katika sheria hiyo.

Malezi ya kambo si sawa na kuasili. Katika malezi ya kambo mtoto anakabidhiwa kwa familia imtunze, chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii. Kuasili ni hatua ya kudumu, nayo huamuliwa na Mahakama Kuu. Neno lenyewe limetokana na "asili": mtoto anapewa mzizi. Amri ikishatolewa, sheria inamhesabu kuwa mtoto wa wazazi hao kana kwamba amezaliwa kwao, na haki zake ni za mtoto, wala si za mgeni. Katika yote, manufaa ya mtoto ndiyo yanayotangulia, na mtoto anayeweza kueleza maoni yake ana haki ya kusikilizwa.

Hapa tunatoa onyo. Kuasili kusigeuzwe kuwa njia ya kuwanyang'anya maskini watoto wao. Mama aliye hai, anayempenda mwanawe lakini hana chakula, hahitaji mtu wa kumchukulia mtoto. Anahitaji chakula, na jirani wa kusimama naye. Umaskini si kosa la kumpotezea mtu uzazi wake. Na mtoto hanunuliwi, hata kama fedha itaitwa shukrani.

4. Tutende

Tunapendekeza mambo manne, ambayo kila jumuiya inaweza kuyaanza kabla ya Noeli.

Mosi, kila jumuiya iwajue kwa majina watoto wote wasio na wazazi walio katika eneo lake, nani anakaa nao, na kama wanasoma. Wasiandikwe tena kwa idadi.

Pili, panapotokea msiba, watoto wazungumzwe kwanza, asubuhi, kabla ya ng'ombe. Na mtoto mwenyewe aulizwe. Ndugu wasitenganishwe kama inawezekana, ikishindikana, waonane.

Tatu, anayemlea mtoto asaidiwe kufika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yake, ili malezi yatambuliwe. Mabibi wazee wasiachwe peke yao katika safari hiyo.

Nne, wanandoa wasiojaliwa watoto waheshimiwe. Wasishurutishwe kupokea mtoto, wala wasichekwe wakimpokea. Mtoto halelewi ili kuziba pengo la mtu mzima.

Ndugu wapendwa, hatukuja hapa kama watu waliofaulu. Wale ndugu watatu wa mchungaji wetu bado wako tulikowapeleka jioni ile, na ni juzi juzi tu tumeanza kuwatembelea. Tunapowasha mishumaa ya Majilio na kuimba kwamba Bwana aje, tukumbuke kuwa Yeye hakuwahi kutuambia "baada ya mavuno" kisha akasahau. Wakati ulipotimia alikuja. Nasi tuwe watu wa namna hiyo kwa mtoto anayetazama njia. Atuone tunakuja.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni watoto wangapi wanaolelewa na wasio wazazi wao? Je, tunayajua majina yao?
2. Watoto hao wanasoma na kula sawa na watoto wengine wa nyumba ile? Kama sivyo, tumesema nini?
3. Ni methali na maneno gani tunayotumia yanayomuumiza mtoto wa kulelewa, au mama asiyejaliwa kuzaa?
4. Iko ahadi tuliyompa mtoto fulani nasi hatukuitimiza? Tutaitimiza lini?