Maandishi Chini ya Picha: Viziwi Nao Wapate Habari

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo halimo katika ajenda ya vikundi vingi. Kuna mwanachama anayekuja kila mkutano, analipa mchango wake, anakaa kimya, halafu anaenda nyumbani bila kujua tumeamua nini. Huyo ni ndugu yetu kiziwi.

Siku hizi mafunzo mengi huja kwa video, katika simu au televisheni. Tuseme tunaonyeshwa jinsi ya kupulizia sukuma wiki dawa ya wadudu. Picha inaonyesha mkulima akipima dawa, akijaza pampu, akipulizia. Kisha sauti inasema: msichume mboga hizi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Onyo hilo halionekani popote katika picha. Mama asiyesikia ameona kila kitu, hata ameitikia kwa kichwa. Kesho anapulizia, jioni anachuma, anapikia watoto. Je, tuseme yeye ni mjinga? La. Amepewa nusu ya somo, tena ile nusu isiyo na onyo.

Mwaka wa 2020, wakati wa korona, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Habari zilitolewa kwa redio na televisheni karibu kila siku. Redio haimfai kiziwi. Na wale waliozoea kusoma midomo ya watu walikuta midomo imefunikwa na barakoa.

Dawa ya shida hii ni maandishi. Maneno yanayosemwa yanaandikwa chini ya picha, na yanatokea wakati ule ule yanaposemwa. Jambo hili si geni. Zamani sinema hazikuwa na sauti, na maneno yaliandikwa kwenye kitambaa watu wote wakasoma. Sinema za kusema zilipoenea, kuanzia mwaka wa 1927, maandishi yakaondolewa na viziwi wakaachwa nje. Huko Marekani kulikuwa na mwigizaji kiziwi, Emerson Romero. Mwaka wa 1947 alianza kuchukua filamu na kupachika maandishi katikati ya picha kwa mikono yake mwenyewe. Kazi yake haikuwa kamili, lakini alianza na alichokuwa nacho. Sisi watu wa vikundi vya kujisaidia tunaielewa roho hiyo! Mwaka wa 1972 kipindi cha mapishi cha Julia Child kikaonyeshwa kwenye televisheni kikiwa na maandishi, na mwaka wa 1980 yakaanza yale maandishi ambayo mtazamaji anaweza kuyafungua au kuyafunga.

Na kwetu Kenya? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2003 ilisema televisheni ziweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi katika taarifa za habari, vipindi vya elimu na shughuli za kitaifa. Sheria hiyo sasa imefuatwa na nyingine ya mwaka wa 2025. Katiba ya 2010 nayo, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Na Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa hiyo tukimwekea kiziwi maandishi, hatumpi sadaka. Ni haki yake.

Lakini sheria haitakuja kijijini kuwasha simu yetu. Haya ndiyo kikundi kinaweza kufanya:

1. Kabla ya kuonyesha video, tafuteni kitufe chenye herufi CC. Kikiwepo, kibonyezeni muone kama maandishi yanatokea.

2. Kama yameandikwa na mashine, mtu mmoja ayakague kwanza. Mashine yaweza kusikia "siku saba" ikaandika "siku sawa". Kwa mambo ya dawa, kosa dogo kama hilo ni hatari.

3. Mkitengeneza video yenu wenyewe, andikeni mistari miwili tu kwa wakati mmoja, herufi kubwa nyeupe juu ya utepe mweusi. Yakae muda wa kutosha mtu asome bila haraka. Yasifunike mkono unaoonyesha kazi. Andikeni pia nani anasema, na sauti za maana kama vile ngurumo au king'ora.

4. Video ikikosa maandishi, msikate tamaa. Katibu aisikilize mapema, aandike mambo makuu kwenye karatasi kubwa: kipimo, siku, bei, onyo. Isimamisheni video kila hatua na mwonyeshe karatasi.

5. Muulizeni kiziwi mwenyewe anataka nini. Hili ndilo kubwa kuliko yote.

Tunasema hivyo kwa sababu kuna wanaodhani maandishi yanatosha kila kiziwi. Sivyo. Wako wengi ambao hawakupelekwa shule, au walipelekwa wakiwa wamechelewa, na kusoma ni kazi nzito kwao. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake, si Kiswahili cha mikono. Kwa aliyekua nayo, mkalimani ni bora kuliko maandishi. Mwingine amepoteza masikio uzeeni, hajui ishara hata moja, na maandishi ndiyo yatamfaa. Maandishi na ishara ni kama jembe na panga: huwezi kusema kimoja kinachukua nafasi ya kingine. Na tuache kumwita mtu bubu. Ana jina, tena ana maneno yake.

Mtu atauliza, mbona taabu yote hii kwa mwanachama mmoja? Tumjibu hivi: mvua ikipiga mabati, nani kati yetu anasikia video? Wazee wetu je, ambao masikio yamechoka? Na wale wa darasa la ngumbaru wanaojifunza kusoma? Hao wote watafaidika na maandishi yale yale. Lakini hata angekuwa yeye peke yake, mchango wake ni sawa na wetu, na watoto wake wanakula mboga kama wetu.

Basi mkirudi nyumbani, liwekeni jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao. Chagueni watu wawili wa kukagua video. Mwalikeni yule kiziwi akae mbele, mahali anapoona vizuri, na kabla ya kufunga mkutano mwulizeni ameelewa nini. Msiridhike na kuitikia kwa kichwa. Mwacheni aeleze kwa njia yake mwenyewe, nanyi mngojeni amalize.