Pole Haijafika Ngarenaro

Msikilizaji, hotuba umeisikia. Alhamisi, Januari 15, 2026, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Dodoma amewapa pole mabalozi na wageni wanaoishi nchini kwa kuzimwa kwa intaneti wakati wa uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Amesema lengo lilikuwa kulinda utaratibu wa kikatiba na usalama wa watu, na amewahakikishia mabalozi kuwa serikali itajitahidi wasikutwe tena na hali ile. Habari hiyo hatutairudia. Kituo hiki kinauliza: na sisi je?

Tunashukuru kwamba Rais amelitamka. Lakini pole imefika ubalozini, haijafika Ngarenaro. Haijafika Unga Limited, wala Kijenge, wala Sakina, mitaa yetu ya Arusha. Oktoba 29 hadi Novemba 3, mtu wa Arusha alikuwa ameshika simu mkononi, ujumbe wa WhatsApp una tiki moja, na tiki ya pili haiji. Mama anamtafuta mwanawe aliyetoka asubuhi. Mwongoza watalii ana wageni wanaotua uwanja wa ndege wa KIA na hajui kama wamepanda ndege au wameghairi. Kampuni ndogo ya safari ina barua pepe za wateja wa Ujerumani wanaouliza kama waje au wasije, na hakuna wa kuzijibu kwa sababu hakuna wa kuzisoma. Hao wote ni raia. Hao wote wanalipa kodi. Pole yao iko wapi?

Na wiki hiyo hiyo, jirani zetu Uganda walipiga kura gizani. Tume yao ya Mawasiliano iliagiza intaneti ifungwe Jumanne, Januari 13, saa kumi na mbili jioni, siku mbili kabla ya kura. Starlink ilikuwa imeshakatwa huko tangu Januari 1. Watu wakakimbilia programu ya Bitchat, ile inayorusha ujumbe kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth bila kuhitaji intaneti. Mkuu wa tume, Nyombi Thembo, akatangaza kuwa hata hiyo wanao uwezo wa kuizima. Nchi mbili za Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, na makao makuu ya Jumuiya yako hapa mjini kwetu, Arusha.

Sasa sikiliza kinachotutia hofu. Intaneti ikifungwa, watu hutafuta njia nyingine, na njia ya zamani kuliko zote ni mawimbi. Simu ya upepo. Redio za ridhaa, za wale wenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na namba ya wito inayoanza na 5H, wanaozungumza na dunia nzima kwa waya uliofungwa juu ya mti. Mkono uliozoea kufunga intaneti hautachelewa kufika kwenye mawimbi. Wenzetu wameshayaona hayo, tena si mbali.

Kwa miaka mingi, Ethiopia imekuwa ikivuruga matangazo ya redio ya Eritrea, Dimtsi Hafash, kwenye kilohezi 7,140 na 7,180. Anayevuruga hufungulia kelele nzito masafa hayo hayo, mvumo usiokoma kama mvua juu ya bati, mpaka sauti ya mtangazaji inazama. Na masafa hayo, msikilizaji, si ya Ethiopia wala si ya Eritrea. Mkutano wa dunia wa mwaka 2003 uliamua kuwa vituo vya utangazaji viondoke kati ya kilohezi 7,100 na 7,200 ifikapo Machi 29, 2009, na katika kanda yetu, Afrika pamoja na Ulaya, eneo hilo libaki la redio za ridhaa. Eritrea ikaendelea kutangaza humo. Ethiopia ikamwaga kelele humo. Aliyeumia ni mtu wa tatu, mwenye leseni halali, asiye na ugomvi na yeyote. Usiku mawimbi hayo huruka maelfu ya kilomita, na kelele ile imenaswa na wafuatiliaji wa masafa hadi Ulaya. Haiulizi pasipoti mpakani.

Ndiyo maana tunasema masafa hayavurugwi kwa mtu mmoja. Nenda lango la Momella, msikilizaji, umtazame askari wa hifadhi anayetangulia kundi la wapanda mlima Meru. Begani ana bunduki kwa ajili ya nyati. Kiunoni ana redio ya mkononi. Mgeni akizidiwa na kimo kule Saddle, juu ya mita 3,500, redio ile ndiyo inayoita machela. Gari la watalii likizama kwenye tope, dereva huita kwa redio hiyo hiyo. Mtu wa Ngarenanyuki ana mlima mzima uliosimama kati yake na mji. Ukiruhusu mazoea ya kuvuruga masafa kwa sababu ya siasa, unakata kamba iliyomshika mtu asiyehusika na siasa hizo.

Tunajua jibu litakalokuja. Litakuja jina la Rwanda. Kila anayetaka kuziba midomo hutaja RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Machi 2010, Waziri Mkuu wa Ethiopia Meles Zenawi aliifananisha idhaa ya Kiamhara ya Sauti ya Amerika na RTLM, akasema yuko tayari kuidhinisha matangazo yake yavurugwe. RTLM! Basi na tuizungumze, maana hakuna mji wenye haki ya kuizungumza kuliko Arusha.

Kesi ya RTLM ilisikilizwa hapa hapa, kwenye kituo cha mikutano cha AICC, mbele ya Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda. Desemba 3, 2003, walitiwa hatiani watu watatu: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio ile, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 kitengo cha rufaa cha mahakama hiyo kiliwapunguzia adhabu, lakini hakuna aliyeachiwa huru. Na kilichowafunga ni nini? Ushahidi, zikiwemo kanda. Sauti zilizorekodiwa, zikachezwa mahakamani, zikatafsiriwa, zikahojiwa na mawakili. Walioanzisha redio ile walijulikana kwa majina, wakashtakiwa, wakahukumiwa. Wako waliotaka redio ile ivurugwe mwaka 1994, akiwemo Jenerali Roméo Dallaire wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, na hatuwezi kuwalaumu, kwa maana watu walikuwa wanauawa huku redio inawataja majina. Lakini RTLM ilikuwa upande wa walioshika dola. Mtu wa Ngarenaro anayemtafuta mwanawe si RTLM. Mwenye leseni ya 5H si RTLM. Usitumie makaburi ya Wanyarwanda kumnyamazisha mama wa Ngarenaro.

Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa, na haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake. Wakati wote, ndivyo Katiba inavyosema. Huwezi kulinda utaratibu wa kikatiba kwa kuizima ibara ya Katiba yenyewe. Mwaka 2020, Mahakama ya Jumuiya ya ECOWAS iliamua kuwa Togo ilivunja haki za watu ilipozima intaneti mwaka 2017. Mwaka 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilizitaka serikali ziache intaneti wazi wakati wa uchaguzi.

Na hapa tunarudi kwenye donda ambalo kituo hiki hakitachoka kulitaja. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha. Tunapita mbele yake. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu raia kwenda kushtaki pale moja kwa moja. Mahakama iko mjini kwetu, mlango wake umefungwa kwa ajili yetu. Mahakama ya Afrika Mashariki nayo, ambayo raia bado anaweza kuiendea, inataka shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili. Intaneti ilirudi Novemba 3. Pole imetolewa Januari 15. Hesabu mwenyewe, msikilizaji.

Basi tuseme wazi. Mabalozi wameahidiwa, raia naye aahidiwe. Na ahadi ya raia haitoshi kutamkwa kwenye hafla, iandikwe katika sheria. Wabunge wa Arusha Mjini, Arumeru Mashariki na Arumeru Magharibi, mnapokwenda Dodoma, ulizeni bungeni: nani aliamuru, kwa kifungu kipi, na karatasi ya amri iko wapi? Msikubali jibu la jumla. TCRA, ofisi yenu ya kanda iko hapa hapa: tangazeni kwamba masafa ya redio za ridhaa, ya uokoaji na ya hifadhi hayataguswa, uchaguzi uwepo usiwepo, maandamano yawepo yasiwepo. Serikali, rudisheni lile tamko la mwaka 2019, mlango wa mahakama iliyoko Arusha ufunguliwe kwa watu wa Arusha.

Na wewe msikilizaji, usinyamaze kwa sababu tiki ya pili imerudi. Mpigie mbunge wako. Mwandikie. Muulize diwani wako kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu, na uliza tena wiki ijayo. Pole imefika ubalozini. Idai ifike Ngarenaro.