Daraja la Leseni na Heshima ya Njia: Maneno kwa Wanaotaka Udereva wa Malori



Tabora ni mji uliolelewa na safari. Kabla reli haijaufikia mwaka 1912, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Unyanyembe, kisha ikagawanyika, mingine ikishika njia ya Ujiji, mingine ya Karagwe na Buganda. Wanyamwezi hawakusifika katika upagazi kwa nguvu za mabega peke yake. Msafara ulikuwa na kirangozi aliyeijua njia, na mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo chake, yapata kilo 30. Mambo hayo mawili, ujuzi wa njia na kipimo cha mzigo, ndiyo yanayodaiwa hata leo kwa kijana anayetamani kuendesha lori la tumbaku au mpunga.

Vijana wengi huingia katika kazi hii kwa utingo. Hufunga turubai, hubadili matairi, na usiku dereva akichoka hukabidhiwa usukani. Huko hujifunza mengi, lakini utingo si cheti. Anayeendesha kwa kuazimwa usukani hana leseni mbele ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, hata kama amefika Dar es Salaam mara kumi.

Njia halali ina hatua zake. Mwombaji aliyetimiza miaka 18 huanza na leseni ya kujifunzia, daraja H, na kusoma katika chuo cha udereva kinachotambuliwa, kama vile vyuo vya VETA. Kisha hujaribiwa na Polisi wa Usalama Barabarani. Akifaulu, huenda Mamlaka ya Mapato akiwa na namba yake ya mlipakodi, hupigwa picha, huchukuliwa alama za vidole na kulipa ada. Daraja D humruhusu kuendesha magari mengi, ila si pikipiki, magari ya abiria wala magari mazito. Lori zito linataka daraja E, na anayeliomba hana budi kuwa amekaa na daraja D kwa muda usiopungua miaka 3.

Miaka hiyo 3 ndiyo inayowashinda wengi. Nyumbani kuna watoto, tajiri anataka dereva leo, na kishoka ameahidi kadi ya daraja E kwa siku mbili. Mzazi huuza ng'ombe ili kumsaidia mwanawe, naye kwa nia njema huwa amemnunulia kesi. Leseni isiyomo katika kumbukumbu za serikali hubainika siku ya kukaguliwa. Likitokea jambo barabarani, kukosa daraja linalostahili huipa kampuni ya bima sababu ya kukataa dai, na mzigo wote huangukia familia. Tena lori lililoshiba halisimami ghafla, na katika barabara ya Nzega au Urambo hupita baiskeli, makundi ya ng'ombe na watoto watokao shule. Muda ule wa kusubiri uliwekwa kwa ajili yao.

Leseni ikishapatikana hudumu miaka 5, lakini jina jema hutunzwa kila siku. Gari la kibiashara lenye uzito unaozidi kilo 3,500 halipaswi kupita kilometa 80 kwa saa, na katika makazi ya watu mwisho ni 50. Uzito wa gari pamoja na mzigo hauruhusiwi kuzidi tani 56 katika Afrika Mashariki, na lori lenye ekseli chache lina kikomo cha chini zaidi. Tajiri akiamuru gunia lizidi, dereva ana haki ya kukataa, kama mpagazi wa zamani alivyoweza kuutua mzigo uliopita kipimo.

Faini ya shilingi 30,000 huonekana ndogo, lakini kila kosa huingizwa katika mfumo wa Polisi, nayo hubaki humo kama deni hadi ilipwe. Dereva makini hulipa kwa namba ya malipo ya serikali, hutunza risiti, na kabla ya safari hutazama kama gari au leseni yake inadaiwa. Hukagua breki, matairi na taa kwa mkono wake mwenyewe, na usingizi ukimjia hulala. Mwenye lori anayetafuta mtu wa kumkabidhi mali ya mamilioni huuliza kwanza habari za safari zake zilizopita.

Mwenda pole hajikwai. Kijana anayeanza na daraja D mwaka huu, akaitumia vema kwa miaka 3, atakalia usukani wa lori bila kumwogopa askari wala kumwinamia kishoka, na wale wanaomngoja Gongoni watamwona akirudi.