Namba Iliyobeba Saa Zetu

Msikilizaji, chukua kalamu uandike: 2,147,483,647. Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kuipata si kazi: anza na moja, zidisha kwa mbili mara 31, kisha toa moja.

Hii ni namba tasa. Haigawanyiki bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Aliyelithibitisha hilo ni Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi St Petersburg, Urusi, na habari zake zikatoka mwaka 1772, wakati macho yake yamekaribia kuzima kabisa. Mwingine angejaribu namba tasa zote zilizo chini ya 46,341, maelfu kwa maelfu. Euler alifikiri kwanza. Akaonyesha kwamba kigawo chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Vya kujaribu vikabaki visivyofika 400. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi mzee yule.

Na tasa hii ina uzao. Izidishe kwa 1,073,741,824, utapata namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo, kama 6 ilivyo 1 na 2 na 3. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna atakayepata namba kamilifu kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa namba hizo ni za kustaajabia tu, hazina faida. Kubwa zaidi zimepatikana. Na ile tasa ya Euler leo imo ndani ya mashine zetu.

Kompyuta nyingi za zamani hujua wakati kwa kuhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Hesabu hiyo hukaa katika biti 32, yaani nafasi 32 za kuandikia 0 au 1. Moja hushika alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, na namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ni hiyohiyo yetu. Itafikiwa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili asubuhi na dakika 14 na sekunde 7. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itadhani ni Desemba 1901.

Kompyuta mpya kwa sehemu kubwa zimehamia biti 64. Hofu yangu ni vile vifaa vilivyofungwa ukutani vikasahauliwa: vya kuendesha pampu za maji, lifti, jenereta. Vinanunuliwa vikiwa vimetumika, na hudumu miaka mingi. Hata mkopo wa nyumba wa miaka 20 unaotiwa saini mwaka huu unavuka siku hiyo.

Kwa hiyo wewe unayenunua mitambo ya hospitali, ya benki au ya mamlaka ya maji, kabla hujalipa muulize muuzaji: saa ya mtambo huu inahesabu kwa biti ngapi? Na jibu akupe kwa maandishi.